Kabla ya picha, anauliza: sikio lipi?

Saa moja na robo asubuhi, kabla mgonjwa yeyote hajaitwa, mwanamke aliyevaa koti jeupe lenye mfuko uliochanika anapiga picha ya maji.

Maji yamo ndani ya silinda ya plastiki, kubwa kama kichwa cha mtu. Anailaza juu ya kitanda cha mashine ya CT, ile ya mionzi inayoupiga mwili picha vipande vipande kama mkate uliokatwa. Anatoka, anafunga mlango mzito, anabonyeza kitufe. Namba inatokea kwenye skrini. Anaiangalia kwa muda, halafu anaiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: sifuri nukta tatu.

"Maji lazima yasome sifuri, au karibu yake," anasema. "Yakisoma sita, saba, ujue leo mashine inadanganya. Na kwenye mashine inayodanganya silazi mtu."

Amefanya hivyo kila asubuhi ya kazi kwa miaka kumi na minne, tangu mashine ilipoletwa. Kabla ya hapo alipiga eksirei kwa miaka kumi na saba. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na miezi minane mbele yake ni ya mwisho kabla ya kustaafu.

Hospitalini wachache wanamwita kwa jina lake. Wauguzi wanamwita Sikio Lipi. "Huyu mpeleke kwa Sikio Lipi," utasikia koridoni, na mgonjwa anapelekwa bila kujua anapelekwa kwa mtu au kwa chumba. Jina hilo lilianza kama kejeli, likakaa.

Fomu ya kwanza inaingia saa mbili kasoro dakika kumi kupitia dirisha dogo la kioo. Nusu ya juu ya karatasi ina malalamiko ya mgonjwa. Nusu ya chini ina kisanduku ambamo daktari ameandika kipimo anachokitaka. Haangalii chini. Anaikunja karatasi katikati, nusu ya chini ikapotelea nyuma, anapitisha ukucha kwenye mkunjo, ndipo anaposoma. Kisha anainua uso kumtazama mwenye fomu, mpishi wa shule mwenye kitambaa kichwani.

"Kizunguzungu. Pole, dada. Na kusikia?"

"Kusikia nako kumepungua."

"Sikio lipi?"

Mpishi anasita. Wengi husita hapo. Wameulizwa umri, makazi, namba ya simu na jina la ndugu wa karibu. Sikio hawajaulizwa.

"La kulia," anasema. "Lakini hilo lina mambo yake tangu utotoni. Linatoa usaha, linaacha, linatoa tena."

"Usaha." Anaandika neno hilo pembeni mwa fomu, polepole. "Hilo halikuandikwa."

Ndipo anapoikunjua. Kisanduku cha chini kinasema: CT ya kichwa. Ananyanyua simu kumwomba daktari aandike upya, CT ya mfupa wa sikio, kwa sababu picha ya kichwa kizima ingeupita mfupa huo kama basi la haraka linavyokipita kituo kidogo. Mazungumzo yanachukua dakika moja na nusu. Daktari anakubali. Mpishi, ambaye hajui kwamba kuna chochote kilichobadilika, anauliza kama avue hereni.

"Vua, dada. Na pini za nywele."

"Kizunguzungu ni neno moja," Sikio Lipi anaeleza mpishi akiwa anavua. "Lakini nyuma ya neno hilo kuna magonjwa ambayo hayajuani hata kwa salamu." Ukiuliza juu ya mfupa, CT ndiyo inayojibu. Ukiuliza juu ya ubongo, au mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo, inajibu MRI, mashine ya sumaku ambayo hospitali hii haina. Ya karibu ipo mwendo wa saa saba kwa basi. Na kuna wagonjwa wasiohitaji picha yoyote.

Hao wa mwisho ndio wengi. Mwaka jana yeye na muuguzi wa kliniki ya masikio walihesabu wagonjwa mia moja na kumi na wawili walioletwa kupigwa picha kwa sababu ya kizunguzungu. Sitini na mmoja walikuwa na chembe za mawe, ndogo kuliko chembe ya chumvi, zilizochopoka mahali pake ndani ya sikio na kuingia kusikokuwa kwao. Dawa yake ni kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa hatua nne, mpaka mawe yarudi nyumbani.

Muuguzi anamkumbuka bibi mmoja aliyetoka mbali kufuata picha. "Akaniambia, mjukuu wangu, nimepanda magari mawili kuja kupigwa picha, wewe unanigeuza kama godoro linaloanikwa? Dakika sita baadaye akasimama wima, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Akasema, sasa picha yangu iko wapi?"

Sikio Lipi hacheki sana kisa hicho kinaposimuliwa. Mawazo yake yako kwa mgonjwa mwingine, ambaye alimpiga picha nzuri.

Ilikuwa mwaka wa pili wa mashine. Mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, aliletwa na fomu iliyosema CT ya kichwa. Alilalamika kwamba anayumba akitembea, na kwamba simu ameanza kuisikilizia upande wa kushoto. Sikio Lipi, ambaye siku hizo hakuwa bado na jina hilo, alipiga alichoombwa. Picha ilitoka safi, bila kivuli cha mtikisiko, hata daktari bingwa wa mionzi akaisifu mbele ya wanafunzi. Majibu: hakuna tatizo.

Baada ya miezi ishirini na sita mwalimu alirudi kwenye kiti cha magurudumu. MRI ya mbali ilionyesha uvimbe juu ya mshipa wa fahamu wa sikio la kulia, mkubwa kama ndimu. Siku ya picha ile nzuri huenda ulikuwa kama punje ya mahindi, ukiwa umejibanza mahali ambapo CT haioni vizuri. Alifanyiwa upasuaji, akapona. Nusu ya uso wake haijasogea tena.

"Tunakutana sokoni," Sikio Lipi anasema. "Ananisalimia kwa upande mmoja wa uso. Alikuwa hajui kwamba ni mimi niliyempiga picha. Siku moja nilimwambia. Akasema, mama, si ulifanya ulichoandikiwa? Nikamwambia, ndiyo, hicho hasa ndicho nilichofanya."

Alianza kukunja fomu wiki ileile mwalimu aliporudi hospitalini. Akisoma kipimo kwanza, anasema, masikio yake mwenyewe yanaziba: anamsikia mgonjwa kupitia kile kilichokwisha kuandikwa. Alinunua pia chuma chenye meno mawili kama uma, ambacho madaktari wa masikio hukigonga kikalia, wakakigusisha fuvu la mgonjwa. Kinakaa kwenye mfuko wa koti. Ndicho kilichouchana.

Si kila mtu aliyependezwa. Katika faili lake kuna barua ya mkuu wa idara, ya miaka sita iliyopita, inayomkumbusha kwamba mpiga picha hana mamlaka ya kubadilisha kipimo kilichoombwa na daktari. Anaikubali barua hiyo neno kwa neno. Hajawahi kubadilisha kipimo hata kimoja. Hupiga simu, na hung'ang'ania simu hiyo kama kupe.

Jumatano moja, miezi mitatu iliyopita, simu hiyo nusura isitoshe.

Waliokuja dirishani walikuwa mume na mke. Mume alikuwa seremala wa miaka thelathini na minane, mabega mapana, vumbi la mbao limekwisha kutoka kwenye kucha zake, jambo ambalo mke wake alilitaja kama mtu anayetaja ugonjwa. Majuma kumi na manne hakuwa ameingia karakana. Alisimama ameshika ukuta, na alipozungumza alinong'ona.

"Ongea, baba, mama wa watu hasikii," mke alimwambia.

"Nikiongea kwa nguvu sauti yangu inanipigia kichwani," alinong'ona.

Sikio Lipi alikunja fomu. Nusu ya juu ilisema: kizunguzungu miezi kumi, usikivu umepungua.

"Sikio lipi?"

Seremala alionyesha la kushoto.

"Na kizunguzungu kinakuja ukifanya nini?"

"Mashine ya randa ikiwashwa. Hata isiwe yangu, hata iwe ya jirani. Ikiunguruma tu, ubao ninaoutazama unainuka upande mmoja. Namwambia mwenzangu shika ubao unainuka, ananiambia ubao umelala."

"Wanamwita Redio," mke alisema. "Ati anashika mawimbi ya mbali. Na chakula ameacha kutafuna, anakunywa uji tu. Anasema taya zikitafuna ni kama mtu anapasua kuni ndani ya kichwa."

Mpiga picha alikuwa ameacha kuandika.

"Kuna kingine?"

Wale wawili walitazamana. Mke alitikisa kichwa kidogo, kumkataza. Seremala alisema, "Mama, usicheke."

"Sijacheka."

"Nasikia macho yangu."

"Yanafanya nini?"

"Yanatembea. Nikisoma tepu ya kupimia, macho yakienda kwenye namba nyingine, nasikia kama msasa juu ya ubao. Shaa. Shaa."

"Yakienda kulia na yakienda kushoto, sauti ni ileile?"

Seremala aliinua uso kumtazama. Katika miezi kumi, alieleza baadaye, watu wanne walikuwa wamesikia habari ya macho yake, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Wa kwanza alimpiga CT ya kichwa katika kituo kingine, ikatoka safi. Wa tatu alimpeleka kliniki ya magonjwa ya akili, alikopewa vidonge vya usingizi. Wa nne ni daktari kijana wa ghorofani, aliyeandika fomu hii.

"Ni ileile," alisema.

"Vua kiatu cha kushoto."

"Kiatu?" mke aliuliza. "Mama, tumesema sikio."

"Nimesikia, mwanangu. Avue kiatu."

Walimkalisha kwenye benchi ya koridoni. Sikio Lipi alipiga magoti, kwa taabu, maana goti lake la kulia lina maneno yake, akagonga chuma cha meno mawili kwenye kitako cha kiganja chake, akakisimamisha juu ya kifundo cha mguu wa seremala, pale mfupa unapochomoza. Mtu mzima wa afya akifanyiwa hivyo husema anahisi kitu kinatetemeka mguuni.

Seremala aliruka. Mkono wake ulienda sikioni.

"Umekiweka wapi?"

"Mguuni."

"Hapana. Kiko humu. Kinalia humu ndani."

"Kiko mguuni, baba, nakiona," mke alisema.

Watu watatu waliokuwa kwenye foleni walisogea kutazama. Mmoja, mzee mwenye mkongojo, alivua kofia bila sababu yoyote inayojulikana.

Katika miaka thelathini na moja ya kazi, Sikio Lipi alikuwa ameona jambo hilo mara moja tu, tena kwa mgonjwa wa mtu mwingine. Alimrudishia seremala kiatu chake. Baadaye ndipo alipokunjua fomu, akasoma kisanduku cha chini: MRI ya ubongo na mishipa ya masikio.

"Mnaendaje huko?" aliuliza.

"Tunauza mashine ya randa," mke alisema. "Mteja anakuja Ijumaa. Ndiyo nauli na ndiyo kipimo. Safari hiyo ni mapato ya wiki saba ya mume wangu, wakati alipokuwa na kazi."

"Na kipimo kikisema hakuna kitu?"

Mume alijibu kwa kunong'ona. "Basi nitajua kwamba ni mimi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mgonjwa anayepoteza usikivu upande mmoja, tena na kizunguzungu, kitabuni anaandikiwa MRI. Daktari kijana hakuwa amekosea. Siku nyingine yoyote, Sikio Lipi ndiye angekuwa wa kwanza kupiga simu kudai MRI hiyohiyo, kwa ajili ya mwalimu wa nusu uso. Safari hii alitaka kuizuia.

Alipiga simu ghorofani.

"Shikamoo, mama," daktari alisema. Alikuwa na miezi mitano katika hospitali hiyo, na alikwisha kuizoea sauti yake.

"Marahaba, daktari. Nina seremala wako hapa. Naomba umwandikie CT ya mfupa wa sikio."

"CT alishapigwa. Ni safi."

"Alipigwa vipande vya milimita tano. Ninachokitafuta hakifiki milimita moja. Ni kutafuta sindano kwa kutumia reki."

"Mama, huyu ni sikio moja. Nikikosa uvimbe hapo, utanitetea wewe?"

"Shuka uone."

"Nina watu hamsini huku juu."

"Na mimi nina mmoja. Shuka, daktari. Njoo na karatasi yake ya kipimo cha usikivu."

Alishuka, na hakuificha hasira yake. Aliitandaza karatasi ya usikivu juu ya kaunta. Mistari miwili ilionyesha jambo la ajabu: sikio la kushoto halikusikia vizuri sauti nzito zilizopita hewani, lakini sauti zilizopita kwenye mfupa wa fuvu lilizisikia kuliko sikio la mtu mzima wa afya.

"Hili niliona ni kosa la mpimaji," daktari alisema. "Hakuna sikio linalosikia kupita kiasi."

"Chukua hiki." Alimpa chuma. "Kigonge wewe mwenyewe. Kifundo cha mguu."

Daktari kijana alipiga magoti kwenye koridoni, koti lake likigusa sakafu, akagonga. Seremala alishika sikio. Daktari aligonga tena, kwenye kiwiko. Seremala alishika sikio. Daktari alikaa juu ya visigino vyake akatazama chuma kile, akamtazama seremala, kisha akauliza, kwa sauti tofauti kabisa na ile aliyoshuka nayo, "Ukikohoa inakuwaje?"

"Nyumba inazunguka," seremala alinong'ona.

Ndani ya mfupa wa nyuma ya sikio, mfupa ambao hauna mpinzani kwa ugumu mwilini isipokuwa meno, kuna mifereji mitatu myembamba iliyopinda kama pete. Imepangwa jinsi kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye pembe ya chumba, kila mmoja na upande wake. Imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanachelewa kidogo kukifuata, na kwa kuchelewa huko ubongo unajua umegeukia wapi. Kila mtu anayetembea wima anatembea kwa msaada wa matone machache hayo.

Mfereji wa juu umeezekwa kwa mfupa mwembamba unaoutenga na ubongo. Kwa watu wachache mfupa huo haupo. Wanazaliwa ukiwa kama karatasi, na siku moja unapasuka, pengine kwa pigo, pengine kwa kubeba kitu kizito. Tangu hapo sauti inapata njia isiyo yake. Kelele ya nje inayasukuma majimaji, na ubao unainuka. Sauti za mwili wenyewe, za taya, za hatua, za koo, zinapanda kwenye mifupa na kuingia sikioni moja kwa moja. Hata macho. Misuli inayoyazungusha macho hutoa sauti kwa kila mwanadamu, kila sekunde ya maisha yake. Ni mfupa huo mwembamba unaotuzuia kuisikia.

Daktari aliandika fomu mpya akiwa amesimama.

Sikio Lipi alimlaza seremala, akamweka kidevu chini kidogo ili mionzi isipite kwenye macho, akamfunga kichwa kwa mkanda. "Usimeze mate mpaka nikwambie." Picha ilichukua sekunde kumi na moja. Kazi yenyewe ilianza baadaye, mbele ya skrini. Vipande vya nusu milimita vilivyokatwa kwa njia ya kawaida huukata mfereji mshazari, na mfupa mwembamba unaweza kuonekana haupo ilhali upo. Ni kosa ambalo wapiga picha hodari hulifanya, kwa furaha ya kugundua. Kwa hiyo alivigeuza vipande vyote kwa kompyuta, digrii chache kwa wakati, mpaka mfereji ukalala mbele yake wote kwa pamoja, kama pete juu ya meza.

Alianza na kulia, upande mzima. Pete nyeusi ilitokea, na juu yake mstari mweupe, mwembamba kama uzi, usiokatika.

Halafu kushoto. Pete nyeusi. Mstari mweupe ukaanza, ukapanda, ukaisha. Palikuwa na weusi mtupu. Kisha mstari ukaanza tena upande wa pili.

Sikio Lipi aliweka alama mbili akapima pengo: milimita tatu nukta nane. Akafuta, akapima tena. Tatu nukta nane.

"Haupo," daktari alisema hatimaye, kama mtu aliye msikitini au kanisani. "Mfupa haupo kabisa. Na yeye alikuwa anatwambia."

"Alikuwa anatwambia," Sikio Lipi alisema.

Hakumpa seremala neno lolote. Kusoma picha si kazi yake, na hilo nalo analikubali neno kwa neno. Daktari bingwa wa mionzi alisaini majibu saa nane mchana. Ndipo wote wawili, mume na mke, walipoitwa mbele ya skrini, na daktari kijana akawaonyesha upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto.

Seremala aliitazama picha kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine, shingo upande.

"Hapa dari lina ubao wake," alisema. "Hapa ubao mmoja umetoka."

"Ndivyo hasa."

"Hiki kidogo hivi?"

"Hicho."

Seremala alikigusa kwa kidole. Kisha akamgeukia mke wake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisahau kunong'ona, akajikunja kwa maumivu ya sauti yake mwenyewe, lakini alikwisha kusema: "Siyo mimi."

Mke alitoka koridoni. Walimsikia akizungumza kwenye simu. "Ile mashine haiuzwi. Hapana, bei haina ubaya. Haiuzwi tu." Akasikiliza. "Basi kasirika, kaka yangu, ukimaliza utanipigia."

Habari haikuishia kwa miujiza. Tundu linaweza kuzibwa kwa upasuaji, katika hospitali ya mbali, na foleni yake ni ya miezi kumi na mmoja. Seremala ameandikishwa. Kwa sasa anaziba sikio la kushoto, anafanya kazi asubuhi kwa randa ya mkono, na saa sita anaondoka ili shemeji yake aiwashe mashine. Anapata karibu nusu ya alichokuwa akikipata. Ameanza kutafuna. Wenzake bado wanamwita Redio, ila sasa, anasema, wanamtania kwa kumwuliza stesheni gani inapiga muziki mzuri, na yeye anawajibu.

Ghorofani nako kuna kilichobadilika. Wiki tatu baada ya Jumatano hiyo, dirishani iliingia fomu yenye mwandiko wa daktari kijana. Nusu ya juu ilijaa mpaka pembeni: sikio la kulia, usikivu ulianguka ghafla usiku mmoja, hakuna usaha, hakuna homa, kizunguzungu hakitegemei kelele. Sikio Lipi alipoikunjua, kisanduku cha chini kilikuwa kitupu. Palikuwa na maneno mawili kwa penseli: *Nishuke, mama?*

"Nilimwambia abaki na watu wake hamsini," anasema. "Huyo alikuwa wa MRI, na mapema. Daktari alikuwa anajua. Aliuliza tu kwa adabu."

Tangu mwaka juzi amekuwa akiiomba kamati ya hospitali ichapishe fomu mpya, ambayo mahali pa kipimo patatanguliwa na swali: unataka kujua nini? Mwezi uliopita kamati ilikubali. Ilikubali pia, kwenye aya ileile, kwamba fomu za zamani zilizopo stoo ni elfu kumi na tatu na mia sita, na zitatumika kwanza mpaka ziishe.

Alipiga hesabu. Siku zake za kazi zilizobaki ni mia moja na sabini.

Sasa ni saa saba mchana, koridoni kumetulia, mpishi wa shule amekwisha kwenda na miadi yake. Juu ya kaunta kuna bunda la fomu tupu kutoka stoo. Sikio Lipi anachukua moja, anaikunja katikati, nusu ya kipimo ikapotelea nyuma, anaiweka upande wa kushoto. Anachukua nyingine. Themanini kwa siku, mpaka siku yake ya mwisho. Jioni zitapelekwa ghorofani, na kesho daktari atakayeinyanyua atakuta mbele yake malalamiko ya mgonjwa peke yake. Akitaka kuandika kipimo, itabidi aikunjue.

"Hakuna barua inayokataza kukunja," anasema.

Anapofika ya themanini, anatoa chuma cha meno mawili mfukoni na kupitisha shina lake juu ya bunda zima, kuikaza mikunjo. Chuma kinalia kidogo kikigusa kaunta. Anasubiri kinyamaze, kisha anafungua dirisha.

"Anayefuata," anaita. "Karibu, baba. Sikio lipi?"